Ndoo ya Benchi la Tatu

Kwa miaka minne kanisa letu lilikuwa na ndoo. Ndoo ya plastiki, ya bluu, iliyokatika mkono, makao yake chini ya benchi la tatu upande wa kushoto. Mvua ikianza katikati ya ibada, aliyekaa karibu aliisukuma kwa mguu hadi mahali pake bila hata kufumbua macho. Wageni walishtuka kusikia tone likigonga plastiki wakati wa sala ya kimya. Sisi wenyeji tulishaliingiza tone lile kwenye liturujia.

Mimi ndiye mtunza funguo. Usidhani ni cheo. Nilikipata kwa sababu nakaa karibu na kwa sababu nilinyamaza siku wenzangu walipotoa udhuru. Kanisa lenyewe ni dogo: watu 80 wakibanana, na siku ya Krismasi wengine husalia mlangoni. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba kizingiti cha dirisha kinatosha kulaza mtoto. Madirisha membamba. Paa la bati. Mnara wa kengele ni mfupi, ukiutazama kutoka mbali unafanana na mtu aliyesahau kukua. Limejengwa kuelekea mashariki kama makanisa mengi ya zamani, asubuhi jua linaingilia nyuma ya madhabahu na kumpiga mhubiri kisogoni.

Siku nilipomleta fundi, mzee aliyeanza kuezeka kabla sijazaliwa, alisimama mbele ya ndoo akacheka.

"Mwanangu, hapa ndipo yanapodondokea. Yanapoingilia umepatafuta?"

"Si hapo juu, Mzee?"

"Panda twende."

Tulipanda darini na tochi. Ndipo nikajifunza kitu ambacho mtu mzima mwenye funguo za jengo alipaswa kukijua: maji yanayovuja hayashuki wima. Yanaingia kwenye tundu la msumari, yanateleza chini ya bati, yakikuta papi, ule ubao mwembamba unaopigiliwa bati, yanaifuata kama mtu anayefuata njia, mpaka yafike kwenye fundo la mbao au kiungo cha kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa. Hapo ndipo yanapoachia. Tundu letu lilikuwa karibu na kofia ya paa, hatua nne nzima kutoka benchi la tatu, tena upande wa pili. Raba ya msumari mmoja ilikuwa imekauka kwa jua ikapasuka. Raba ndogo kuliko kifungo cha shati. Fundi alibadilisha msumari na raba yake muda mfupi kuliko niliotumia kutafuta ngazi. Miaka minne!

Nilikaa darini baada ya yeye kushuka. Kumbe nilikuwa nasali chini ya vitu nisivyovijua.

Makanisa mengi ya vijijini ni marefu na membamba. Nilisikia mahubiri yakieleza kwamba umbo hilo ni la merikebu, na kweli ukumbi wa waumini kwa Kilatini huitwa kwa jina la merikebu, navis. Lakini kilichoamua upana kilikuwa mti. Wajenzi walikwenda msituni, wakapata mbao za urefu fulani zilizonyooka, na upana wa kanisa ukawa huo. Wakitaka watu zaidi waliongeza urefu, maana huko mashariki hakuna mti unaokuzuia. Ukitaka kulipanua kwa ubavu lazima usimamishe nguzo ndani, na nguzo zinaziba macho ya wanaokaa nyuma yake. (Najua watu waliochagua nyuma ya nguzo kwa makusudi. Sitawataja.)

Kenchi ni mbao mbili za mteremko zinazoegemeana kileleni na mbao moja ya chini inayozifunga. Mbao za mteremko, kwa uzito wa paa, zinataka kuteleza kwenda nje na kusukuma kuta. Hiyo ya chini ndiyo inayozikatalia. Inaonekana kama haifanyi kazi, imelala tu pale, watu wanaitundikia mapambo. Niliwahi kutembelea kanisa ambalo kamati iliona mbao hizo zinakata mwonekano wa skrini mpya, wakazikata tatu. Paa halikuanguka. Kuta ndizo zilizoanza kufunguka kidogo kidogo, na nyufa zikatokea kwenye pembe, pana juu na nyembamba chini. Ukiona ufa wa namna hiyo, tazama paa kabla hujaulaumu msingi. Walikuja kufunga vyuma kutoka ukuta hadi ukuta, na vyuma vikapita mbele ya skrini ile ile.

Sasa niseme la kwetu, ambalo si dogo.

Lipu ya chini, kuanzia sakafuni hadi magotini, ilikuwa inabanduka. Ilikuwa lipu ya chokaa, ya zamani, imekuwa ya njano kama kurasa za Biblia ya bibi. Tulipata mfadhili. Mfadhili anataka kitu kinachoonekana, na sisi kamati tulitaka vivyo hivyo. Tukampa kazi mkandarasi, naye akakwangua chokaa yote ndani na nje, akapiga lipu ya saruji nzito, akamalizia na rangi ya mafuta inayong'aa hadi unajiona. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kura ya ndiyo. Kwenye picha za siku ya uzinduzi nimesimama mbele ya ukuta nikitabasamu.

Msimu wa pili wa mvua rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Ukiyatoboa yanatoka maji. Kisha ikaja chumvi nyeupe, laini kama unga wa chaki, ikijichomoza kwenye nyufa ndogo. Kisha harufu, ile ya nguo iliyokunjwa mbichi. Unyevu ulioishia magotini ulipanda hadi kiunoni, baadaye hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Ukigonga ukuta kwa kifundo cha kidole ulilia kama debe tupu: lipu ilikuwa imeachana na jiwe zamani, imesimama yenyewe kwa kiburi.

Yule fundi mzee alikuja kuangalia, akaweka kiganja ukutani.

"Mmeuvisha koti la mvua," akasema, "halafu mnashangaa unatoka jasho."

Ukuta wa zamani wa mawe hauna karatasi ya kuzuia unyevu chini yake. Unavuta maji kutoka ardhini siku zote, kama utambi unavyovuta mafuta. Waliojenga walijua hilo wala halikuwasumbua, kwa sababu chokaa ina vitundu vidogo vingi na maji yanayoingia chini yanatoka kwa upepo na jua kupitia kwenye lipu. Lipu ndiyo inayochakaa. Chumvi inaila yenyewe badala ya kula jiwe, na baada ya miaka unapiga nyingine. Ile iliyobanduka magotini, tuliyoiona kama aibu, ilikuwa kazini. Saruji ikafunga mlango. Maji hayakukoma kuingia, yalikosa pa kutokea tu, yakapanda juu kutafuta njia. Na jiwe likawa ndilo linaloliwa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hatukuwa wa kwanza. Huko New Mexico, Marekani, kuna kanisa la kijiji liitwalo San Francisco de Asís, pale Ranchos de Taos. Ni la matofali ya udongo usiochomwa, lilikamilika mwanzoni mwa karne ya 19, na mgongo wake mnene usio na dirisha umechorwa na Georgia O'Keeffe na kupigwa picha na Ansel Adams hadi umekuwa maarufu kuliko mbele yake. Wanakijiji walikuwa wakilipaka udongo upya kwa mikono. Mwaka 1967 waliona kazi ile inachosha, wakalipiga lipu ya saruji. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakakaa nyuma ya saruji, na matofali yakaanza kurudi kuwa matope. Ilipofika 1979 saruji ikabanduliwa, wakarudia udongo. Hadi leo waumini hukusanyika kila mwaka kulipaka upya, kuchanganya udongo na majani makavu, wazee kwa watoto. Miaka 12 ya kupumzika iliwagharimu zaidi ya uchovu wote waliotaka kuukwepa.

Nisieleweke kwamba nina ugomvi na saruji. Joseph Aspdin aliyeiandikisha saruji ya Portland kule Uingereza mwaka 1824 hakututuma kuibandika kwenye ukuta uliojengwa kwa kitu kingine. Jengo jipya lenye msingi wa zege, mkanda wa nondo na kizuizi cha unyevu linaipenda saruji, nami nikijenga leo nitaitumia. Ila ukuta laini unataka lipu iliyo laini kuliko wenyewe.

Kwa hiyo tukabandua. Kazi ya kubandua ilikuwa chungu kuliko ya kubandika, maana saruji iling'ang'ania baadhi ya mawe na kuondoka na nyuso zao. Fundi akatuamuru tuache ukuta uchi msimu mzima wa kiangazi ukauke. Maneno tuliyoyasikia miezi ile! Kwamba kamati imekula fedha, kwamba kanisa limekuwa gofu. Harusi mbili zilihamia kwingine.

Wakati huo tulipika chokaa. Hapa nikiri kwamba ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na msomaji asiyejali mambo haya anaweza kuruka aya moja. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri kwenye joto la karibu nyuzi 900 linatoa hewa ya ukaa na kubaki jepesi: kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56. Umbo ni lile lile, ila ukilinyanyua mkono unaruka juu kwa kuwa ulitarajia uzito. Kisha unalitia kwenye maji. Ni jiwe kuingia majini, kamwe si maji kumwagiwa jiwe, la sivyo linakulipukia usoni, na chokaa machoni haina msamaha. Pipa letu lilianza kwa kuzomea, likatokota, likatoa mvuke bila moto wowote chini yake, watoto wakakimbia na kurudi, wakakimbia tena. Kilichobaki ni uji mweupe mzito unaofunikwa na maji na kuachwa. Sisi tuliuacha miezi mitatu, na fundi alisema ungekaa zaidi ungekuwa mtamu zaidi. Ukiuchanganya na mchanga mkali na kuupiga ukutani, unavuta tena kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyofukuzwa na moto, taratibu, hadi unarudi kuwa jiwe. Tulipiga tabaka nyembamba, tukalowesha ukuta kwanza, tukatundika magunia mabichi dhidi ya jua ili lipu isikauke kwa pupa.

Chumvi bado inatokea mahali pawili. Harufu imekwisha.

Kabla ya kupiga lipu fundi alikuwa ameuliza swali jingine: mbona ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani? Sikuwa nimewahi kuiona hivyo. Kanisa lililozungukwa na makaburi huwa linazama bila kushuka. Vizazi vinazikwa, udongo unaongezeka, majani yanaoza, na baada ya miaka mingi udongo umeegemea ukuta kama blanketi bichi. Ni tatizo linalojulikana sana kwenye makanisa ya vijijini ya Uingereza. Tulichimba ukanda wa kiasi cha shubiri tatu kuzunguka kuta, mbali na kaburi lolote, tukajaza kokoto na kuupa mteremko kuelekea bondeni. Mlangoni, ambako tangu utoto wangu palikuwa na ngazi mbili, ikatokea ya tatu chini ya udongo. Ilikuwa imelika katikati, imebonyea kama kijiko kwa nyayo za watu ambao hakuna kati yetu anayejua sura zao.

Juu ya ukanda huo kuna gata, mifereji inayopokea maji ya paa. Kuhusu gata sina mapambo: zisafishe. Kiota kimoja cha ndege kwenye mdomo wa bomba la kuteremshia kinageuza paa zima kuwa jagi linalomimina maji ukutani mahali pamoja. Mwaka 1877 mwandishi na mbunifu William Morris na wenzake walianzisha kule London chama cha kutetea majengo ya kale, wakiwa wamechoshwa na wasanifu waliokuwa wakiyakwangua makanisa ya vijijini ili "kuyarudishia" enzi ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Unategemea watu wa aina hiyo waongee falsafa. Ushauri wao ukawa wa mtu mwenye ufagio: zuieni uozo kwa matunzo ya kila siku, zibeni paa linalovuja. Chama hicho kimewahi hata kutenga siku ya kitaifa ya gata. Nilicheka niliposoma, halafu nikaenda kutafuta ngazi.

Mbao nazo zina kisa hicho hicho cha maji. Kule Borgund, Norway, kuna kanisa la mbao tupu lililojengwa karibu mwaka 1180 na bado limesimama. Kabla yake watu wa kule walichimbia nguzo za makanisa ardhini, zikaoza. Waliojenga Borgund waliziketisha nguzo juu ya mihimili, na mihimili juu ya mawe. Wakapaka lami ya msonobari, na wajukuu wao wakaendelea kupaka. Kanisa la Greensted kule Essex, Uingereza, lenye kuta za magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa, ni la karne ya 11. Katikati ya karne ya 19 ikabidi miguu ya magogo iliyooza ikatwe na yaliyobaki yapandishwe juu ya matofali, ndiyo maana leo ni mafupi kuliko alivyoyaacha seremala. Kwetu adui ni mchwa, na dawa niliyoona ikifaa ni kuacha nafasi: benchi lisigusane na ukuta, kabati la sakristia liwe na miguu unayoweza kuiona. Mchwa anajenga njia ya udongo, na njia hiyo ukiiona mapema unaifuta kwa kidole.

Popo wapo. Uingereza wanalindwa na sheria ya mwaka 1981 kiasi kwamba waumini wa huko hutandika vitambaa juu ya madhabahu na kusubiri. Sisi tulisubiri watoto wao wakue, jioni wote walipotoka tukaweka wavu.

Kengele nayo nilikuwa naiua bila kujua. Kengele ya shaba nyeusi ina stani (madini ya bati, si bati la paa) karibu sehemu moja kwa tano, na hilo ndilo linaloifanya iimbe na ndilo linaloifanya iwe na roho nyepesi kama kioo. Nilikuwa nimefunga kamba kwenye ulimi, nauvuta na kuukandamiza kwenye mdomo wa kengele ili ukae kimya. Ulimi ukiibana kengele wakati inatetemeka, mtetemo hauna pa kwenda, na ndivyo nyingi zilivyopasuka. Pia ulimi ukigonga mahali pale pale miaka nenda rudi unachimba kishimo, kwa hiyo yetu tuliizungusha robo duara ipate mdomo mpya. Ulaya zamani kengele nyingi ziliandikwa Kilatini kwamba zinaita walio hai, zinawalilia waliokufa, na kuvunja radi. Radi haikusoma. Wapiga kengele wengi walikufa wameshika kamba mvua ikinyesha. Mnara wetu una waya wa shaba hadi ardhini, na kungurumapo mimi sipandi, ibada itaanza bila kengele.

Fedha ni jambo fupi. Kwenye kanisa letu kuna majina ya wafadhili kwenye mabenchi, kwenye saa, kwenye mimbari, na kwenye spika mbili ambazo moja haijawahi kulia. Nilipendekeza kwenye kikao kwamba atakayelipia gata tuandike jina lake kwenye gata. Mchungaji akacheka, wazee wakacheka, tukafunga kwa sala.

Nilichofanya ni kununua daftari. Kanisa la Anglikana la Uingereza lina utaratibu uliowekwa mwaka 1955 wa kila jengo kukaguliwa na mtaalamu kila baada ya miaka mitano. Mimi sina mtaalamu, nina kalamu. Kila baada ya mvua kubwa nazunguka jengo, nje kwanza, halafu ndani, halafu darini na tochi. Doa nalizungushia penseli ukutani na kuandika tarehe pembeni, ili mwezi ujao nijue kama limevuka mstari. Mama mmoja wa kwaya alidhani ni watoto wanaochafua ukuta, akafuta madoa mawili kwa kitambaa kabla sijamwahi. Siku hizi yeye ndiye anayeniitia madoa mapya.

Jumapili iliyopita ilinyesha kutoka somo la kwanza hadi baraka. Nilikaa benchi la tatu kwa makusudi. Watu walipoondoka niliandika: "Benchi la 3, kavu. Ndoo imepelekwa sakristia. Gata ya kaskazini inajaa katikati, kibanio kimelegea. Juu ya mlango wa mnara, doa jipya, ukubwa wa kiganja." Halafu nikaenda kuchukua penseli na ngazi.